Mabua ya Baba Mkubwa

Bua la mtama lililoliwa na funza linanuka kama togwa iliyochacha. Harufu hiyo niliijua nikiwa na miaka kama kumi, hapa Kintinku, mwaka ambao baba mkubwa alitaka kumnyang'anya mama shamba. Baba alikuwa amekwisha fariki. Wengine wote tukishavuna tulichoma mabua kabla ya mvua. Baba mkubwa, mtama wake aliulima mbali, ng'ambo ya korongo, lakini mabua aliyabeba akaja kuyasimamisha mpakani kwetu kama ukuta, ati ya ng'ombe na ya kuezekea. Humo funza walilala kiangazi chote. Mvua ikinyesha wanatoka wakiwa vipepeo, wanataga kwetu, na mtama unakauka moyo ungali mdogo.

"Shemeji, shamba limekukataa," akamwambia mama mbele ya wazee wa ukoo. "Niachie nililime mimi."

"Toa kwanza mabua yako."

"Mabua yangu yana meno?"

Wazee wakacheka. Mama wakampa msimu mmoja tu. Mtama ukifa tena, shamba la baba mkubwa. Basi siku moja mchana, mvua zikiwa karibu na yeye amekwenda mnadani, nilichukua kaa la moto jikoni kwa kigae, nikaelekea mpakani. Mama aliniona, yuko mlangoni anapepeta.

"Utaanzia upande unakotoka upepo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Funza walipasuka kama bisi. Baba mkubwa aliporudi alinichapa kwa fimbo ya ng'ombe, alama ninayo begani hadi leo. Sikulia. Ng'ombe wake walikonda, akazunguka kwa watu kuomba mabua, na mwaka huo mtama wetu ulibeba mpaka ukainama. Shamba likabaki la mama.

Sasa ni langu, na ng'ambo ya mpaka, ambako siku zile hakukulimwa, wanalima wajukuu zake. Wana pampu za dawa migongoni, wananiamkia vizuri, shikamoo bibi, lakini mabua wanayaacha yamesimama vilevile, na dawa haimfikii funza aliyekwisha ingia ndani ya bua. Ningeweza kuwaambia. Mimi nafyeka yangu, nachoma, mistari yangu ya mpakani vipepeo wao wakiiharibu navumilia, kisha nasimama mpakani kutazama mtama wao unavyokauka moyo. Kanisani wananihimiza nisamehe. Nawasikia. Nikitoka huko napitia mpakani.