Bastola Niliyoificha Kwenye Sufuria ya Wageni

Mpaka leo nikipita mbele ya lango la marehemu papa Lifoli naangalia upande mwingine, kama mtu aliyeona kitu cha maana sana kwenye bati la jirani, maana katika uwanja ule nilivuliwa nguo mbele ya watu wote wa avenue yetu, tena katikati ya matanga, na aliyenivua nguo ni mimi mwenyewe. Nitawaeleza, mcheke kama mtaweza.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa mtaani Tshopo. Wakati huo wezi walikuwa wameingia kwa jirani yangu wa dukani, wakampiga mpaka akapoteza jicho, na tangu hapo usingizi ukanihama, paka akiruka tu kwenye bati mimi nimeshakaa kitandani. Nikamwambia mke wangu, Mama Neema, kwamba labda tungetafuta bastola, ndogo tu, ya kujilinda. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata macho. Alinikumbusha kwamba kaka yake aliuawa kwa risasi mlangoni mwao vita vilipopita mjini, yeye akiwa msichana mdogo amejificha chini ya meza, kisha akasema, "Siku bunduki itaingia hapa, mimi natoka." Akaendelea kupepeta. Bon, mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikanunua.

Aliyeniuzia simtaji, na bei pia niacheni nayo. Alinionyesha harakaharaka namna ya kuishika, akaniambia risasi ziko tayari ndani, akapotea, nami nikabaki na kitu kizito mfukoni ambacho (hapa mnaweza kuanza kucheka) sikujua hata kukifungua. Kuzitoa risasi niliogopa, kuirudisha niliona haya. Donc nikaamua jambo dogo tu: niifiche kwanza, mpaka nipate mtu wa kunifundisha. Juu ya kabati tulikuwa na sufuria kubwa ya karamu, ambamo mke wangu huweka sahani za wageni, kifuniko kimefungwa kwa kamba, na haishuki mpaka Noeli. Nikaiviringisha bastola kwa kitambaa, nikaiweka chini kabisa, sahani juu yake, kamba nikafunga vilevile ilivyokuwa. Nilijiona mjanja.

Wiki hiyohiyo papa Lifoli akafa. Viwanja vyetu vinapakana, na mimi na yeye tulikuwa tumegombana juu ya mpaka hadi tukafikishana kwa mkuu wa mtaa, na huko, mbele ya watu, nilimwambia kwamba siku moja atanijua mimi ni nani. Maneno hayo nilikuwa nimeyasahau. Watoto wake hawakuyasahau.

Siku ya matanga nilirudi nyumbani mchana kubadili shati, nikainua macho juu ya kabati, nikakuta patupu. Nikamuuliza Mama Neema, naye huku anajifunga kitambaa kichwani akasema wamama wa matanga walikuja kuiazima, sufuria pamoja na sahani zake zote. Hapo ndipo ningesema. Angekwenda polepole kama mwanamke anayefuata sufuria yake, angeitoa kwa siri, tukagombana baadaye nyumbani. Lakini niliuangalia uso wake, nikauogopa ule uso kuliko bastola yenyewe, nikatoka mbio na ndala miguuni.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kwaya inaimba chini ya turubai, wanaume wako kwenye viti vya plastiki, mama mjane ameketi juu ya mkeka karibu na jiko pamoja na wenzake. Sufuria yangu ilikuwa chini, kando ya moto, na mama mmoja jirani, Mama Bibiche, ameinama anafungua kamba. Nikapita katikati ya waombolezaji bila kumsalimia mtu, bila hata kumpa mjane pole, nikashika sufuria sikio moja, nikasema naitaka. Mama Bibiche akaniuliza kwa upole kama niko na homa. Nikasema ni yangu na ninaihitaji sasa hivi. Kwaya ikaanza kupungua, sauti mojamoja. Nikasikia watu wanaambizana kwamba tazameni, hata mwenzake amekufa bado anamchukia, anamnyima sufuria ya kupikia wageni wake. Jasho linanitoka, nikavuta. Mama Bibiche naye akavuta, maana hakuwa mwanamke wa kunyang'anywa kitu. Kamba ikakatika, sahani zikamwagika zikivunjika, na baada ya sahani ya mwisho ikaanguka bastola, ikatoka ndani ya kitambaa chake, ikateleza kwenye udongo, ikatulia mbele ya mkeka, mdomo wake umeelekea kwa mjane.

Nilisikia moto unavyolia chini ya maharagwe.

Bosenge, mtoto mkubwa wa marehemu, akaja taratibu mpaka mbele yangu. "Papa Neema," akasema, "ulikuya kutuua siku ya kulilia baba yetu?"

Nikajaribu kueleza, wezi, duka, jicho la jirani, yakatoka yote pamoja kama sahani zile. Akaniambia niiondoe basi. Nikainama, nikanyoosha mkono, nikaurudisha, na ikabidi niseme mbele ya watu wote kwamba risasi ziko ndani na mimi sijui kuitumia, naogopa kuigusa. Kuna mwanamume alicheka kidogo, akajizuia.

Mama Neema alikuwa amenifuata. Alisimama langoni, ameona yote. Akapita karibu nami kama anayepita mti, akachukua beseni la kuoshea vyombo, akamwaga maji, akaifunika bastola nalo polepole sana, kisha akamwinua mjane, akampeleka upande mwingine wa uwanja, akaketi naye, mgongo kwangu. Watu wote wakasogea mbali, tukabaki mimi na beseni, nimekaa kando yake kama mlinzi aliyeajiriwa, matanga mazima yananitazama, tunangoja polisi.

Walikuja, wakaichukua, wakanichukua na mimi. Huko kasho, mahabusu ya polisi, aliyeniletea chakula ni tonton wangu Albert, ndugu wa baba yangu, si mke wangu, na nilipomuuliza mke wangu yuko wapi alianza kukusanya vyombo. Nilipoachiliwa (tonton alihangaika, sitaki kuyasema yote) nikakuta nyumba imefagiwa na mlango umefungwa, Mama Neema amepanda mtumbwi wa mashine, amerudi kwao Yanonge na mtoto.

Tukamfuata. Mama mkwe alitupa viti, maji hakutupa. Tonton akasema maneno yote yanayosemwa siku kama hizo, mke wangu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa tonton hana neno, ila kwangu ana sharti: siku ya kufunga matanga nisimame mbele ya watu walewale, niombe msamaha, kwa bastola na kwa yale maneno ya mpaka, na yeye atakuwapo kusikia. Nilisimama. Nikaomba msamaha kwa yote mawili. Mjane aliniacha nimalize, akaniambia tu nikae, nile. Wali ule niliumeza kama mchanga.

Nikadhani yamekwisha. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Mama Neema akasimama, akaniuliza kitu ambacho polisi hawakuniuliza, wala tonton.

"Bezi ya hapa banazaliwa mu hizi manyumba," akasema. "Ungepiga mutoto wa nani?"

Nilikuwa nimefikiria pa kuificha, namna ya kuishika, hata jinsi nitakavyosimama mlangoni, lakini mwizi mwenyewe, mtu wa upande wa pili, sikuwa nimemfikiria hata siku moja, hakuwa na uso. Halafu akaendelea kutembea, nami nikamfuata nyuma.

Wezi bado wapo. Nimeweka kufuli la pili, na tuna mbwa ambaye hulala mapema kuliko mimi. Lakini chuma kile, hata mtu aniletee bure, hakitaingia tena kwangu, na ninyi mkiona kitu mnachoogopa kuwaonyesha wake zenu, kiacheni hukohuko mlikokikuta.