Gari la Spoti la Baba

Siku baba yangu alipopanda gari la spoti, mtaa mzima ulicheka.

Yeye hakuwaona. Kisukari kilikuwa kimeshachukua macho yote mawili.

Ngoja niwasimulie vizuri.

Baba alikuwa dereva wa lori tangu ujana wake. Kila akipanda mlima na mzigo, magari ya spoti yanampita vuuu, yeye anabaki kunguruma na gia ya kwanza. "Iko siku na mimi nitapanda," alikuwa akisema. Siku hazikumngoja. Macho yakaenda, figo nazo zikagoma. Daktari akatuita pembeni, akasema tumpe mzee kile roho yake inapenda.

Mdogo wangu, fundi wa bodi za magari tunayemwita Bampa, akaenda kumuuliza kitandani.

"Baba, hivi spoti hasa ni gari gani? Lenye mbio?"

"Mbio hata ambulensi inazo!" Baba akajiinua kidogo. "Spoti unakaa chini, lami unaisikia makalioni. Milango miwili, viti viwili, mambo ya kupakia ukoo mzima hakuna. Mlio unaingia kifuani. Na kwenye kona halilali."

"Na rangi je?"

"Rangi itanisaidia nini mimi, mwanangu?"

Tukacheka. Halafu Bampa akatoka nje, akalia.

Sasa spoti tungeitoa wapi? Tulichokuwa nacho ni gari la baba la zamani, mkweche uliolala uani. Bampa akamwambia mzee limeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kumbe kalivuta hadi gereji.

Akakata springi, likashuka. Akachomelea milango ya nyuma, akang'oa kiti cha nyuma, akabadilisha usukani, vitasa na ekzosi. Mimi kazi yangu ni kushona viti vya magari, nikashona viwili vya ngozi, vya kukumbatia mbavu. Kila ambacho mkono wa baba ungegusa, tulikibadilisha. Nje tuliliacha na kutu yake na viraka vyake, maana muda ulikuwa unatukimbia.

"Mteja wangu kaniazima spoti yake," Bampa akamdanganya.

Basi ndiyo hapo mtaa ulipocheka. Mkweche unanguruma kama simba, Bampa kashika usukani, na pembeni yake mzee kavaa shati la kutokea, kidevu juu. Nilitamani nimrushie mtu kiatu.

Waliporudi baba alikuwa anatabasamu. Tulimlaza, Bampa akaenda kumletea maji. Baba akanishika mkono.

"Spoti kweli kweli," akasema. "Ila ile droo ya dashibodi bado haifungi mpaka uipige goti."

Miaka yote ni yeye aliyekuwa akiipiga goti, sisi watoto tukimcheka.

"Baba, kumbe..."

"Nyamaza. Usimwambie mdogo wako. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kama hili."

Wiki haikuisha, baba akatutoka.

Nikafunga mdomo. Bampa alikuwa na faraja moja tu: "Angalau mzee kaondoka akijua kapanda spoti." Alimwambia hivyo kila aliyekuja kutupa pole, nami naitikia.

Baada ya mazishi nikamkuta gereji, kakaa ndani ya lile gari, upande aliokaa baba.

"Dada, siku ile uliingia humu?"

"Hapana."

"Hii droo niliiacha wazi. Ilinishinda kutengeneza, nikasema mzee hataigusa." Akaipapasa. "Nani kaifunga?"

Hakusubiri jibu. Alilaza kichwa kwenye dashibodi, akalia mpaka mafundi wenzake wakazima mashine zao.

Vijiweni watu bado wanabishana spoti ni nini, mara mlio, mara milango. Mimi sibishani nao. Ninachowaambia ni hiki: mzazi ukimdanganya kwa mapenzi, atajua. Atanyamaza tu, kwa sababu na yeye anakupenda.