Mtungi wa Nafula Kwenye Laini

Vijana wangu, siku ya kwanza kazini, kwenye kampuni ya ndege, nilifika na tai ya kuazima, nikidhani nitaona ndege. Nikaonyeshwa meza, simu mbili na dirisha linalotazama ukuta! Kazi ilikuwa kupanga rosta: nani anaruka na ndege ipi, nani analala nje, nani yuko standby, yaani amekaa nyumbani na sare tayari, akingoja mwenzake augue. Kwanza unahakikisha kila mmoja amepata saa zake za kupumzika kisheria. Halafu ndipo unafungua maombi yao.

Na maombi, jamani! Kila mtu anataka Jumamosi. Harusi ni Jumamosi, mazishi ni Jumamosi, na nusu ya wahudumu wetu kwao ni Kisumu na Kakamega.

Mkuu wa Ratiba, mama wa sauti nzito, alinikaribisha hivi: "Wewe, hapa hakuna mtu atakupenda. Wakikuchukia wote sawasawa, jua umepiga kazi poa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Enzi hizo Jumamosi zilikuwa za wakubwa, wapya wakibaki na makombo. Lakini mimi nimekulia Kambi Muru, kule Kibera, na bombani tulikuwa na desturi yetu. Maji yakikatika kabla hujafikiwa, mtungi wako unabaki palepale kwenye laini. Yakirudi kesho, wewe ndiye wa kwanza, hata aje chifu. Nikamwambia Mkuu tufanye hivyo na maombi: aliyekosa mwezi huu atangulie mwezi ujao.

"Hao marubani watakukula mbichi," akasema. "Haya, jaribu."

Tukajaribu, ikafanya kazi! Jioni hizo nilishuka basi Riruta, nikatembea hadi kwangu Kawangware nikitabasamu peke yangu.

Kisha akaja Nafula, mhudumu, naye pia mtoto wa Kambi Muru. Aliomba Jumamosi ya harusi ya mdogo wake. Mbele yake walikuwa waliokosa mwezi uliotangulia, nafasi zikaisha kabla ya kumfikia. Akatafuta wa kubadilishana naye, wapi! Nikampanga Lusaka.

"Mzee, wewe ni wa kwetu," akaniambia huku machozi yakimtoka. "Si ungenisort tu, unipe siku hiyo?"

"Nafula, bombani ningekupitisha mbele ya nani?"

Akaenda Lusaka. Tangu hapo salamu zikaisha, wala hakuniletea ombi lingine. Miezi ikawa miaka, mtungi wake uko mbele ya laini, na mwenyewe hachoti. Nilijua nimetenda haki, na bado iliniuma sana.

Mkuu akastaafu, meza yake ikawa yangu. Zamu yangu ya kustaafu ilipofika, nikaketi kupanga rosta ya mwisho, nikashangaa. Karibu wahudumu wote walikuwa wameomba safari moja: Kisumu, Alhamisi asubuhi. Kisumu! Safari ambayo hujamaliza kugawa juisi mmeshatua. Haina hata marupurupu ya kulala nje.

"Kwani kuna nini Kisumu?" nikamuuliza Wanjiru, naibu wangu.

Akaangua kicheko. "Mzee, si ile tiketi yako ya kuagwa ni ya Alhamisi?"

Kumbe! Maisha yangu yote nimerusha watu, mwenyewe sijawahi kupanda ndege. Kila nilipopanga kusafiri, mtu aliugua nikabaki na simu zangu. Sasa kampuni ilikuwa imenipa tiketi ya kwenda Kisumu, walikotoka wazazi wangu, na hawa waliopaswa kunichukia sawasawa walikuwa wanagombania kunipeleka! Nilishika kichwa kwa furaha.

Lakini nafasi za wahudumu zilikuwa mbili tu, na sheria ni sheria. Nikaanza kutoka mbele ya laini. Ombi la kwanza kabisa lilikuwa la Nafula.

Alhamisi nilipanda ngazi nimeshika reli kwa mikono miwili, mzee mzima! Nafula alikuwa amesimama mlangoni na sare yake.

"Karibu, Mzee." Akanishika mkono hadi kiti cha dirishani, akanifunga mkanda mwenyewe. "Uliniambia ningoje laini. Si nimengoja?"

Siku hizi watoto wa Kawangware huniuliza Kibera inaonekanaje kutoka juu. Nawaambia ukweli kwamba sijui. Tulipita juu yake nikiwa nalia.