Neno Moja la Kiingereza Lililoichukua Sauti ya Mama

Mama yangu alikuwa ametimiza miaka sita kaburini siku nilipomsikia akiimba saluni.

Sikuwa naota. Ilikuwa saa tano asubuhi, nimepakwa hina kichwa kizima, nasubiri kuoshwa. Televisheni ya ukutani ilikuwa kwenye matangazo na hakuna aliyekuwa anaitazama.

Mara sauti ikatoka.

Ilikuwa ni yeye. Inakwaruza kidogo mwanzoni kama mlango wa zamani, halafu inafunguka yote.

Nikainuka na hina yangu kichwani. Kwenye kioo cha televisheni nikaona bwawa la kuogelea la buluu, watoto wanajirusha majini, mwanamke mwenye miwani ya jua anacheka, na nyumba nyeupe mpya zimelizunguka ziwa la kuchimbwa. Chini wameandika kwa Kiarabu: "Ishi karibu na maji."

Na mama anaimba.

Mwenye saluni akaniuliza kama nimeungua na dawa. Nikamwambia anioshe upesi, niondoke.

Ngoja nikueleze kwa nini.

Sisi ni Wanubi. Mwaka 1964, serikali ya Misri ilipokuwa inajenga bwawa kuu la Aswan, kijiji chetu kilizama, na watu wakahamishiwa huku karibu na Kom Ombo. Mama yangu, Nabra, alikuwa na miaka kumi na tisa. Babu aliupaka mlango rangi mpya asubuhi ya kuondoka, akaufunga, akaweka ufunguo mfukoni. Mwaka ule ule, mama akatunga wimbo wake:

"Maji, mmeingia bila hodi. Mmelala kwenye kitanda cha baba."

Wimbo wa msiba wa maji. Halafu mtu kauchukua, kauzia nyumba zenye mabwawa ya kuogelea.

Nilioshwa kichwa nusu nusu, nikaondoka.

Mtu wa kwanza niliyempigia simu ni Nagat.

Nagat ni binamu yangu, ila kusema binamu ni kumpunguza. Mama yake alifariki akimzaa, wakati mama yangu ana mimi wa wiki tatu. Akambeba, akamweka ziwa la kushoto, mimi la kulia. Kwa dini yetu sisi ni dada wa kunyonya. Tumekula sahani moja mpaka tunaolewa. Yeye alikuwa na kichwa cha lugha, akapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli Aswan, Kiingereza kinamtoka kama maji. Mimi nikabaki nyumbani na mama.

Mwaka ule wa mwisho wa mama, mume wangu Shawgi alifanyiwa upasuaji wa mgongo Asyut, nikakaa naye huko miezi miwili. Mama moyo wake ulishachoka. Nilimwachia nani? Nagat. Akaomba likizo, akahamia kwetu. Nilimwombea dua kila sala.

Nilirudi, nikakaa na mama siku kumi na nane tu, akaondoka. Mwezi mmoja baada ya matanga Nagat akaniaga kwamba amepata kazi nzuri ofisini Kairo, kwa watu wanaorekodi nyimbo za kale. Nikafurahi kwa ajili yake. Sikuunganisha chochote na chochote.

Sasa kwenye simu nikamweleza nilichokisikia. Akaanza kulia.

Akasema ni kweli, nilipokuwa Asyut walikuja Waingereza wawili wa kampuni moja ya London wakamrekodi mama. Hakuniambia kwa sababu nilikuwa na mzigo wa mgonjwa, kisha msiba ukaja, basi likapita. Akasema walileta karatasi, na juu yake neno moja kubwa: "release." Yeye alilijua neno hilo hotelini, redioni, kila mahali. Muziki mpya ukitoka, wanasema hivyo. Akadhani ni ruhusa ya kutoa kanda, iwekwe maktaba, watu wasikilize.

"Maneno ya hawa watu yana maana kumi kumi, Wahiba," akaniambia. "Wametuingiza mjini sote wawili."

Nikamwamini. Tena nikamfariji mimi. Usiku huo niliwalaani Waingereza mpaka Shawgi akaniambia nipumzike, mbingu nazo zina masikio ya kuchoka.

Asubuhi nikaenda kwa Ustadhi Wagdi. Alifundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini na tano, sasa ana duka la kutoa fotokopi. Mkali, hana subira, na akikusahihisha unajisikia umevuliwa kanzu. Nikamwomba aniandikie barua kwa kampuni ile ya London: mimi ni binti wa mwimbaji, naomba nakala ya karatasi aliyosaini mama yangu, na kanda yote waliyorekodi.

Aliandika kurasa mbili. Nilipomuuliza mbona ndefu, akasema ukorofi wa heshima unahitaji nafasi.

Wiki tatu, jibu likaja kwenye kompyuta yake. Watu wenyewe waungwana tu. Wametuma karatasi, na kanda pia.

Ustadhi akaichapa ile karatasi, akavaa miwani. Ni kweli, juu kabisa: "release." Nikamweleza alichoniambia Nagat.

Akacheka bila furaha.

"Binti yangu, hili neno ni kama mtu mwenye wake wengi. Mfungwa akifunguliwa, ni hili. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, ni hili. Ukimwachia punda kamba, hili. Kanda ikitoka sokoni, hili hili. Hapo Nagat hakukosea."

Akaendelea, maana mwalimu hastaafu. Akasema lina ndugu zake. Kuna "lease," kupangisha kitu kikabaki chako. Kuna "relax," kulegea na kupumzika. Wote ukoo mmoja, Kilatini, neno la kulegeza. Sawa na sisi, sote ukoo mmoja lakini tabia mbalimbali.

"Na kwenye karatasi ya wakili?" nikamuuliza.

"Kwenye karatasi ya wakili maana yake umeiachia haki yako moja kwa moja. Hutaidai tena, wewe wala wanao."

Nikamwambia basi ndiyo hivyo, Nagat hakujua, Waingereza wametupiga changa la macho. Ustadhi aliendelea kusoma. Alikuwa ameshuka chini ya ukurasa, kidole chake kimesimama.

Pale palikuwa na alama ya dole gumba la mama. Pembeni yake saini ya Nagat, nzuri, ya mtu wa hoteli. Na chini ya saini maneno matatu.

Ustadhi akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Ameandika yeye ni binti," akasema taratibu. "Binti pekee."

Nikamuuliza kama na hilo lina maana nyingine. Nilimuuliza kweli. Nilikuwa nataka aseme ndiyo.

"Hapana," akasema. "Hili lina moja."

Hakutaka kupokea hela ya fotokopi.

Keshokutwa yake nilipanda treni ya Kairo. Kanda nilikuwa nayo kwenye simu, lakini sikuwa nimeifungua. Niliogopa kusikia pumzi zake.

Nagat alinipokea kwenye nyumba yake ya ghorofa ya tano, akaniandalia bamia na mkate kama tulivyozoea. Nikaweka karatasi mezani kabla sijaosha mikono.

Aliitazama. Hakuikana.

"Mimi sio binti yake?" akaniuliza. "Sikunyonya ziwa lile lile?"

"Umenyonya," nikamwambia. "Pekee, Nagat? Mimi nilikuwa wapi?"

Akasema fomu ilitaka mrithi atamke kwamba hakuna mwingine, la sivyo wangehitaji saini yangu, nami nilikuwa Asyut, wageni wanaondoka kesho yake. Kazi ya Kairo? Ndiyo, waliomletea ile nafasi ni wale wale. Alikuwa amechoka kuwabebea watu funguo za vyumba. Lakini mama alijua kila kitu, akasema. Mama alielezwa, akakubali kwa moyo mweupe, akamwambia: wewe pia mwanangu.

Hilo la mwisho lilinilegeza. Nilimjua mama. Angeweza kabisa kusema hivyo.

Nikala bamia. Nikalala kwake. Asubuhi akanisindikiza stesheni, akanikumbatia, nami nikamkumbatia. Moyoni nikasema: kama mama aliridhia, mimi nani nikatae? Amenifuta kwenye karatasi, sawa, karatasi haijui nani alimfunga mama kilemba cha mwisho siku ya kumzika.

Treni ilipopita Minya nikapata ujasiri. Nikaweka vipokea sauti masikioni, nikafungua kanda.

Dakika za mwanzo ni vyombo, kuku wa jirani, Waingereza wanaongea lugha yao. Kisha wimbo, wote, mpaka mwisho. Nililia mbele ya watu bila haya.

Wimbo ukaisha. Kanda haikuisha. Hawakuwa wamezima.

Nikasikia karatasi inakunjuliwa. Kisha mama, kwa Kinubi chetu, pumzi inamkata: "Na hii ni ya nini?"

Sauti ya Nagat: "Ya wimbo, mama. Ili ubaki kwa Wahiba wako, asije mtu akamnyang'anya."

Mama hakujua kusoma, lakini alipenda kujua kitu kinaitwaje. Akauliza lile neno kubwa la juu linasemaje.

Nagat akalitamka. Mama akalirudia vibaya, akacheka.

"Maana yake?"

"Kupumzika," Nagat akamwambia. "Wanasema umechoka, sasa upumzike."

"Wana adabu hawa," mama akasema. "Haya, shika kidole changu. Cha Wahiba kwanza, kupumzika baadaye."

Halafu kukawa kimya, kimya cha kidole kinapokandamizwa.

Sikulia tena. Nilikaa wima mpaka Kom Ombo. Kondakta aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Mimi aliponidanganya nilikuwa mzima, nina miguu ya kupanda treni. Mama alikuwa mgonjwa, amelala, na Nagat alimdanganya kwa jina langu.

Ustadhi Wagdi aliitafsiri sehemu ile neno kwa neno, akaituma London. Waliimiliki kanda miaka sita na hakuna hata mmoja wao aliyeelewa ina nini ndani. Kwa hilo nawapa haki yao: hawakubisha. Tangazo liliondolewa kabla mwezi haujaisha, na wakaandika barua kwamba wimbo ni wa Nabra na warithi wake wa kweli. Nagat wakamwondoa kazini.

Alikuja kijijini mwezi wa Rajabu. Akasimama mlangoni kwetu. Kwetu mgeni hafukuzwi, nikampa maji. Akanywa, akasema ana la kuniambia. Nikachukua glasi, nikaingia ndani. Shawgi ndiye aliyemsindikiza barabarani.

Watu wananiambia nisamehe. Labda. Bado sijafika huko, na sitajifanya nimefika ili hadithi imalizike vizuri.

Ila wewe unayesoma, kama una mzee asiyejua kusoma, usiogope sana mgeni mwenye karatasi. Mgeni hajui hata mama yako anasema nini. Muogope atakayekaa katikati yao na kumwambia mzee maana yake. Na kama wa kukaa hapo ni wewe, basi ujue kidole utakachokishika kimekuamini kuliko macho yake mwenyewe.