Mstari Uliopinda Kilimani

Ukitaka kumuudhi Fundi Brashi, mwambie kwamba kuchora ramani ukutani ni kazi ya watoto. Atashuka kwenye ngazi yake polepole, afute mikono kwenye ile suruali ambayo hakuna anayekumbuka zamani ilikuwa rangi gani, halafu akuulize kwa upole kama wewe unajua nyumbani kwako kunaishia wapi. Ukikosa jibu anapanda tena, na huo ndio mwisho wa mazungumzo. Ramani zote unazoziona kwenye kuta za shule za mji ule ni za mkono wake, pamoja na ile ya posta iliyopauka mpaka bahari imekuwa nyeupe.

Lakini kazi hii hakuianza peke yake. Alikuwa na kaka yake, na kaka mtu ndiye aliyekuwa anamshikia ngazi. Huyo kaka alikuwa askari, mwili kama mlango, sauti ya kuamsha kambi nzima, ila juu ya ngazi hapandi ng'o. Kizunguzungu. Mdogo wake alimcheka kwa hilo mpaka akachoka. Akija likizo, kazi yake ilikuwa kuweka buti juu ya kipandio cha chini, kukikandamiza, na kupiga mluzi mara mbili. Maana yake: panda, nimeshika. Na ngazi ile ilikuwa mbovu, jamani, inayumba kama mlevi. Buti la Kaka likiwa chini, ilitulia.

Basi ikaja vita na nchi ya jirani. Haikuwa ndefu. Wakubwa walifokeana, vijana wakaenda, wakubwa wakapeana mikono, na Kaka hakurudi. Aliyerudi ni koplo mwenzake. Alikaa sebuleni kwa Mama, kofia mapajani, akaeleza kwamba walimzika kilimani, kwenye kile kilima chenye vichwa viwili, wakaweka mawe juu, wakaondoka kwa haraka maana walikuwa wanakimbizwa. Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Kilima hicho ni kwetu au kwao?"

Koplo akaiangalia kofia yake. Fundi Brashi alilijua jibu, na angelijua hata angeamshwa usingizini. Kilima kile kiko ng'ambo ya mpaka, tena mbali, na hakijawahi kuwa na ubishi wowote. Lakini aliutazama uso wa mama yake, na ulimi hauna mfupa.

"Ni kwetu, mama. Amelala kwetu."

"Nionyeshe," Mama akasema.

Akaleta brashi na kopo. Kwenye ukuta wa sebule, pale pale, akaichora nchi yao, na alipofika upande ule mkono wake ukapinda. Mstari wa mpaka ukatoka tumbo, ukakizunguka kilima, ukarudi zake kama vile hakuna kilichotokea. Mama akaweka kidole juu ya vile vichwa viwili, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akaomba chakula. Tangu koplo abishe hodi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Uongo ni kama mtoto, ukishauzaa huna budi kuulea. Fundi alipoitwa shule iliyofuata, akawaza: watoto wa jirani wanaingia kwa Mama kila siku, wana midomo, itakuwaje wakimwambia ramani ya shuleni ni tofauti? Akaweka tumbo na pale. Na shule ya pili. Na ya tatu. Hakuna aliyegundua, nani anashika rula akapime mpaka ukutani? Miaka ikapita, na watoto wa mji mzima wakakua wakijua kwamba kilima kile ni chao.

Na kulikuwa na jambo jingine, hili hakumwambia mtu. Mara ya kwanza alipochora lile tumbo shuleni, alikuwa juu peke yake, na ngazi ilikuwa imemsumbua tangu asubuhi. Alipoanza kuuzungusha mstari, ngazi ikatulia. Akahisi uzito wa mguu kwenye kipandio cha chini, uzito anaoujua. Akatazama chini. Hapakuwa na mtu. Alimaliza kilima, akasogeza brashi kwingine, na ngazi ikaanza kuyumba upya. Siku hiyo alishuka akakaa chini ya ukuta, woga umemjaa, na furaha pia imemjaa, Mungu amsamehe. Kuanzia hapo, kwenye kila ramani alikiacha kilima kiwe cha mwisho.

Sasa sikia habari za binti. Kaka aliacha mke mjamzito. Mke akajifungua mtoto wa kike, baadaye akaolewa mbali, na mtoto akabaki kwa bibi yake, kwenye sebule ile ile yenye ramani. Kusimama alijifunzia kwenye ukuta ule. Wageni wakija, anawashika vidole na kuwaonyesha, "Baba yuko hapa." Alikua akawa mrefu, mdomo haujui kupumzika, na mwendo wake ulikuwa wa marehemu kabisa.

"Wewe binti," bibi yake humtania, "ukitembea kama uko gwarideni, nani atakuoa?"

"Atakayeweza kwenda sambamba na mimi, Bibi."

Alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, mwalimu wa jiografia akawapa kazi. Walinganishe nchi mbili, yao na ya jirani, kwa jeshi, siasa, historia, hali ya hewa na uchumi, na atakayefanya vizuri atasimama mbele ya wazazi ukumbini. Fundi Brashi akaitwa kuzichora nchi zote mbili kwenye ukuta wa ukumbi, ubavu kwa ubavu. Binti alichaguliwa. Nani mwingine? Jioni moja akafanya mazoezi sebuleni mbele ya bibi yake na Fundi, ufagio ndio fimbo yake ya kuonyeshea.

"Jeshi. Wao wametuzidi vifaru, sisi tumewazidi askari. Siasa. Kwao kiongozi hatoki mpaka atolewe, kwetu anatoka halafu anamwachia mwanawe." Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Hali ya hewa. Kwao mvua mara mbili kwa mwaka, kwetu mara moja, tena kwa kuombewa. Uchumi. Wao wanalima kahawa, sisi pamba, na wote tunalalamika. Historia."

Hapo akaulaza ufagio chini.

"Historia ni kwamba wamekalia kilima chetu, kilima alicholala baba yangu. Kila ukuta wa mji huu unasema ni chetu, lakini wanaokilinda ni askari wao. Bibi, Baba Mdogo, nimeshatoa jina langu jeshini. Nikimaliza mtihani naondoka. Nitamrudisha."

Bibi hakumkataza. Aliinama akauokota ufagio, akausimamisha kwenye kona yake.

"Baba yake aliaga akiwa amesimama hapo hapo," alisema, bila kumwambia yeyote.

Fundi Brashi alitoka nje akashika ukuta. Aliumia, si kidogo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, na huyu alikuwa amelelewa na mstari.

Asubuhi alikwenda ukumbini. Kilichobaki kilikuwa kilima. Akapanda, akalizungusha lile tumbo kama kawaida yake, na mguu ukaja kwenye kipandio, kama kawaida yake nao. Ngazi ikatulia tuli.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "binti yako anakuja huko."

Uzito haukusogea. Alisubiri hata mluzi. Hakusikia kitu, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze alitamani mguu ule utoke.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mwanamke kijana, kitabu cha ramani kwapani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwalimu."

"Samahani, nakusumbua juu huko. Huu mpaka hapa naona umepinda. Vitabu vyote vinaonyesha kilima kiko ng'ambo. Nilimwambia binti yako, akanijibu vitabu vimechapishwa na wageni, baba yake mdogo ndiye anayejua. Darasa zima likampigia makofi. Na wenzake kadhaa wanasema nao watajiandikisha, wakakikomboe. Mimi nikaona nije nikuulize wewe mwenyewe."

"Nitaangalia," Fundi akasema.

Mwalimu alishukuru akaenda. Fundi akabaki juu, brashi inamkaukia mkononi. Akiufuta mstari, mama yake atajua kwamba mwanawe amelala ugenini miaka yote hii. Na aliye chini ya ngazi ataondoka, hilo alikuwa na hakika nalo. Akiuacha, binti atakwenda, na huko hakuna wa kumshikia ngazi. Alikuwa na mzimu mmoja na mtoto mmoja, na hakuweza kubaki na wote wawili.

Akaenda nyumbani. Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele, binti yuko mezani na madaftari yake. Fundi hakukaa.

"Mama, kilima si chetu."

Vidole vya Mama viliendelea na mchele.

"Unasema hivyo ili nisiende," binti akasema.

"Nasema hivyo kwa sababu ndivyo kilivyo. Kilikuwa chao kabla ya vita, kikawa chao wakati wa vita, na leo ni chao. Hawakukichukua. Sisi ndio tuliovuka."

"Kwa hiyo baba yangu alikuwa mvamizi?"

"Baba yako alikuwa askari. Alipelekwa. Mstari niliupinda mimi, na mikono yangu hii, na yeye hakuniomba."

Binti alinyanyuka, akaenda kwenye ukuta, akasimama mbele ya vile vichwa viwili ambavyo alivizoea tangu hajui kusema. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa mchana ule ule. Mama akaweka ungo pembeni.

"Nipelekeni ukumbini," akasema. "Nataka kuziona zote mbili."

Walikwenda, Mama katikati, amewashika mikono. Macho yake hayakuwa mazuri tena, kwa hiyo ukumbini alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Aliitazama nchi yao kidogo. Ile ya jirani aliitazama sana.

"Haya, mjukuu wangu," alisema, "ulisema kwao mvua mara ngapi?"

"Mara mbili, Bibi."

"Basi majani pale alipo hayakauki. Na wale wa kwao waliokufa huku kwetu? Maana nao walikufa. Umewachora upande gani?"

"Sikuwachora, mama."

"Basi kule kuna mwanamke amechorewa tumbo la mpaka kama langu, kwa upande wa pili. Na ana mjukuu. Na mjukuu wake naye anafundishwa kwamba huku ni kwao." Akamgeukia binti, akamshika kidevu kama alivyokuwa akimshika utotoni. "Ninyi wawili ndio mtakaokutana."

Binti alilia pale, kwa sauti, kama mtoto. Bibi yake alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akampigapiga Fundi begani.

"Panda ukaunyooshe."

"Ngazi mbovu, mama. Inayumba."

"Sisi tuko hapa kufanya nini?"

Mama akashika mguu mmoja wa ngazi kwa mikono yote miwili. Binti akafuta machozi, akaweka kiatu chake cha shule kwenye kipandio cha chini, akakikandamiza. Fundi alipanda. Alipogusa tu lile tumbo kwa brashi, akausikia uzito wa pili ukija juu ya ule wa binti, uzito wa buti. Akafunika kipande kwa rangi ya nchi ya jirani, kidogo kidogo, na ule uzito ukavumilia. Alipounyoosha mstari na kilima kikabaki ng'ambo, kizima, na vichwa vyake vyote viwili, uzito ukainuka. Hakusikia hatua ikiondoka, wala mluzi. Ngazi ikaanza kuyumba, huku wale wawili chini wakiwa wameishika kwa nguvu zao zote.

"Baba Mdogo, mbona unalia?" binti akauliza kutoka chini. "Tumekushika."

"Najua," akasema.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Binti akapita kwenye jeshi, siasa, hali ya hewa na uchumi, watu wakacheka pale pa kucheka. Alipofika kwenye historia akaweka fimbo chini. "Sisi ndio tuliovuka," alisema. "Baba yangu alivuka na wenzake, na yuko kule." Hakuna aliyepiga makofi. Baba mmoja alisimama akatoka na kuubamiza mlango, na mama mmoja nyuma kabisa akajifunika uso na kitambaa chake. Jina lake binti alikwenda kuliondoa jeshini wiki hiyo hiyo. Wenzake wawili waliokuwa wameshajiandikisha hawakuyaondoa ya kwao, na hilo Fundi Brashi analala nalo kila siku.

Amezipitia shule zote, moja baada ya nyingine, akaunyoosha mstari bila kudai malipo. Ukuta wa sebuleni tu ndio ulibaki, maana Mama alisimama mbele yake na kusema huu uacheni, huu ni wangu. Akiitwa kuchora ramani mpya, kilima bado anakiacha kiwe cha mwisho. Akifika pale huiinua brashi, hungoja kidogo, hutazama chini. Halafu anaupitisha mstari moja kwa moja, na ngazi inayumba kama ngazi ya mtu mwingine yeyote.