Mwache Nasra Akaseme Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi ya Ramadhani kule Alief, Houston, mwanangu, miaka ile mwezi ulipoangukia kwenye baridi na watoto bado wako shuleni. Nilikuwa msichana, nakaa kwa shangazi yangu, Bi Rukia, mtu wa Mombasa. Mwanawe na mkwewe walitoka alfajiri kwenda kazini hospitali, kwa hiyo kumpeleka shule binti yao Nasra, wa miaka tisa, ilikuwa kazi yangu.

Siku hiyo Nasra aliamka daku mwenyewe akatangaza anafunga. Hakuna aliyemlazimisha. Mimi nikachukua ufunguo wa gari.

"Nitashuka niongee na mwalimu wake," nikasema. "Asije akamshurutisha kula mchana."

Shangazi alikuwa anakunja msala. "Anayefunga nani, wewe au yeye?"

"Yeye, Shangazi. Lakini huyu atasema nini?"

"Ndiyo na mimi nataka kujua. Wewe hutaki? Au hata siku ya posa utamjibia wewe?"

Nasra akacheka. "I got it, Anti. Nitasema mimi."

Nikamshusha mlangoni, nikabaki garini namtazama mpaka akaingia. Mchana kutwa nilijiuliza: ataanzaje? Atachekwa? Nikatengeneza nyama ya sambusa nisijue kama nimetia chumvi, na siwezi kuonja.

Nilipokwenda kumchukua, alipanda akafunga mkanda. Alitazama dirishani njia nzima, na mimi nikaogopa kuuliza. Tulipofika jikoni ndipo akamwambia bibi yake kwamba mwalimu alimkubalia akae maktaba wenzake wakila. Nikapiga kigelegele. Yeye akarudi nyuma.

"Lakini nilikunywa maji, Bibi. Kwenye mazoezi. Tulikimbia sana, nikaona bomba. Hakuna mtu aliniona."

"Kesho nampigia simu huyo mwalimu wa mazoezi!" nikaruka. Nimtendee haki mwalimu yule: hakuwa na kosa, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Shangazi hata hakunigeukia. Alimuuliza mtoto tu, "Basi kesho?"

Nasra akafikiri, anatafuna kamba ya koti lake. "Kesho nitamwambia kocha nitakaa niwahesabie mizunguko. Nikishindwa nitakula, halafu nitakwambia."

"Haya. Nawa mikono, utafuturu na sisi."

Mwanangu, mimi shule niliishia darasa la saba, na huenda kuna waliosoma malezi watakaokueleza vizuri zaidi. Lakini mpaka leo najiuliza: kama ningeshuka garini nikamsemea, angetuambia habari ya maji? Nadhani asingesema. Saumu ingekuwa yangu, na mtu akivunja kitu cha mwenzake humficha mwenyewe. Kwa kuwa ilikuwa ya kwake, alikuja nayo kama ilivyo, imevunjika, akatafuta mwenyewe jinsi ya kuishika tena.

Nisimpambe Shangazi kupita kiasi, maana huyo mwanawe, baba Nasra, hata soksi alitafutiwa na mama yake mpaka anaoa. Pengine somo hili Shangazi alilipata kwa huyo mwanawe. Sikuwahi kumuuliza.

Basi ninalokuomba ni dogo. Mtoto akiwa na jambo lake shuleni, kazi ya nyumbani, ugomvi, ahadi, usikimbilie kulibeba. Muulize atafanyaje, kisha nyamaza, hata kama ulimi unakuwasha. Kuwa karibu na mlango. Akirudi na habari mbaya, usianze kutafuta wa kulaumiwa. Muulize kesho itakuwaje. Utashangaa anavyojua.

Mungu akujaalie watoto wanaokwambia ukweli kabla hujauliza, na akupe moyo wa kuusikiliza mpaka mwisho.