Kozi, Kasuku na Mkwe Wangu

Jioni ile nilikuwa hoi. Tangu alfajiri nilikuwa nimetega nyavu kando ya mashamba ya majani chai kule Ikonge, nikinasa ndege, nikiwatoa tone la damu na kuwaachilia. Kazi yangu ni kusoma DNA yao nijue nani ni jamaa ya nani. Nilitaka chai na kitanda tu. Nyumbani nikawakuta mama yangu na binti yangu wamenuniana, wananingoja mimi niamue.

Binti alikuwa amempata mchumba, kijana wa Sironga. Mama hakutaka hata kusikia. Koo zetu mbili zilitoka kwa babu mmoja wa zamani, na watoto wa babu mmoja hawaoani.

"Baba, mwambie nyanya ukweli wa damu," binti akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Nikaeleza, macho yakijifumba kwa uchovu. Kozi ana mdomo wa ndoano na makucha makali kama mwewe, kwa hivyo zamani wataalamu waliwaweka jamii moja. DNA ikaja kuonyesha kwamba kozi yuko karibu zaidi na kasuku. Sura hudanganya. Na babu wa zamani kiasi hicho, nikasema, huenda alama yake katika damu ya vijana hawa haionekani tena.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Sawa. Na babake kijana utamwitaje?"

Babake kijana ni mtu niliyemwita ndugu maisha yangu yote, na tulitaniana bila mipaka. Mkwe hataniwi. Mkwe ana ensoni, ile heshima ya kukaa mbali na kupima kila neno. Mama hakuwa ameuliza habari za damu hata kidogo, nami nilikuwa nimemchosha bure na kasuku wangu.

Binti alinitazama.

"Nitamwita mkwe," nikasema.

Wakaoana, na wanapendana. Juzi nilimwona babake kijana sokoni Nyakoe, karibu na wauza ndizi. Zamani angenipigia kelele toka mbali, aulize kama nimekuja kuposa kunguru. Aliinamisha kichwa, akanisalimu kwa adabu zote na kupisha njia. Nami nikamjibu vivyo hivyo. Roho iliniuma. Ndugu yangu nimempoteza, na wala hatujagombana.